Msaada wakuu: mtunza stoo hautaki mfumo mpya wa duka, nifanyeje?

Ntyuka_Juu
Mbukwenyi wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma, stoo yangu ipo Kizota. Tangu serikali ilipohamia huku kazi imeongezeka, mafundi wanagonga mlango saa moja asubuhi, daftari likawa haliwezi tena. Miezi mitatu iliyopita nikaweka mfumo wa kompyuta wa mauzo na stoku. Keshia kaushika vizuri. Shida ni mtunza stoo, mzee wa miaka 61, niko naye tangu naanza. Kila siku wimbo wake ni mmoja: "hii kompyuta yako haijui nondo." Nilimkataza kauntabuku, akawa anaandika kwa siri. Mtu mzima anayekataa teknolojia unamfanyaje? Silali wakuu.

Alizeti_Kavu
Pole mkuu. Umenikumbusha mashine za EFD, zile za risiti za kodi, zilipoanza 2010, nikiwa kijana wa kaunta kwenye duka la spea Singida mjini. Tajiri wetu hakuwa na ugomvi na mashine, ugomvi wake ulikuwa na karatasi. Ile karatasi ukiiacha juani maandishi yanafifia, na yeye kumbukumbu za kodi alitaka azikute miaka mitano baadaye. Kila jioni ananituma nikatoe kopi za risiti za manunuzi. Tulimcheka sana. Leo nina duka langu, nami natoa kopi.

Mama_Zabibu
Mwanangu, mzee aliyekushika mkono ukiwa huna kitu haitwi tatizo. Ulimshirikisha kabla ya kununua huo mfumo, au alikuta kompyuta mezani asubuhi?

Waya_Mbili
Tuache hisia kidogo. Mleta uzi jibu haya: mlihesabu stoo yote kabla ya kuanza? Mliendesha daftari na mfumo sambamba kwa muda gani? Nani aliingiza bidhaa kwenye mfumo?

Ntyuka_Juu
Mama, shikamoo. Alikuta mezani, ndiyo, lakini nilimwelekeza.
Waya_Mbili, tulihesabu. Sambamba hatukuendesha, tulihama siku moja, nisingeweza kulipia kazi ile ile mara mbili. Mfumo katengeneza mpwa wangu, na bidhaa kaingiza yeye.

Waya_Mbili
Mpwa wako amewahi kufanya kazi stoo hata siku moja?

Chamwino_Boy
Samahani kwa kuingilia, bati za geji 30 mnauza bei gani kwa sasa?

Kongwa_Kwetu
Kuna kitu hujasema mkuu. Mtu hakosi usingizi miezi mitatu kwa sababu ya kauntabuku. Huyo mzee yuko kazini leo?

Ntyuka_Juu
Sikutaka kulisema hapa. Hayupo. Nimemsimamisha wiki mbili sasa. Mwezi uliopita tulihesabu, nondo 184 za mm 12 hazionekani. Mfumo unasema zipo, stoo hazipo, na ufunguo anao yeye. Nimeshaandika barua ya kumwachisha, ipo kwenye droo, nampa Jumatatu. Msinielewe vibaya, nampenda yule mzee. Lakini kompyuta haina undugu na mtu, na biashara haiendeshwi kwa huruma.

Kongwa_Kwetu
Ndiyo maana hulali. Barua hiyo bila kumpa tuhuma kwa maandishi na kumsikiliza unajichimbia shimo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Akienda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha. Mimi nilimfukuza dereva kwa hasira, nikaja kumlipa mishahara ya miezi 12. Bado inaniuma.

Mama_Zabibu
Miaka yote hiyo ameshika ufunguo, leo ndiyo awe mwizi?

Nyundo_Ya_Kilo
Hii chai. Akaunti imefunguliwa juzi, mzee, mpwa, barua kwenye droo, kila kitu kimekaa mahali pake. Kesho ataingia mwingine kutuambia kuna mfumo mzuri, njooni pembeni. Kama kweli unauza nondo, jibu bila kuuliza mtu: tani moja ya mm 12 ni vipande vingapi?

Ntyuka_Juu
Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani vijana wangu wanaijua. Vipande 93, za mita 12, kila kimoja kilo kumi na nusu na ushee. Nimezibeba begani kabla sijawa na duka, kaka. Siwezi kuchezea jina la mzee wa watu kwa hadithi.

Nyundo_Ya_Kilo
Basi nisamehe, nilikukosea. Sasa shika kalamu. 93 mara mbili ni 186. Toa 2. Unabaki na ngapi?

Waya_Mbili
Duh! 184.

Nyundo_Ya_Kilo
Mwezi huo kuna mteja alibeba tani mbili kwa mpigo? Angalia keshia aliandika idadi gani.

Chamwino_Boy
Bati tuziache kwanza. Tunasubiri jibu.

Ntyuka_Juu
Nimefungua mfumo. Tarehe 9, mkandarasi wa Iyumbu. Idadi: 2. Bei keshia kaiandika kwa mkono, bei ya tani. Pesa iliingia yote, ndiyo maana sikushtuka. Kwenye stoku zimepungua nondo mbili tu.

Waya_Mbili
Mpwa wako aliweka kipimo kimoja, kipande. Mfumo haujui tani. Kila bidhaa unayouza kwa jumla na rejareja iwe na vipimo viwili vinavyojuana: tani moja ni vipande 93, katoni ya misumari ni kilo kadhaa. Keshia asiwe na ruhusa ya kubadilisha bei bila wewe. Kagua misumari leo leo, na waya. Kisha hesabu upya, na mwezi mzima kauntabuku iende pamoja na kompyuta. Ile ya mzee iko wapi?

Ntyuka_Juu
Niliichukua kama ushahidi. Ipo mbele yangu. Tarehe 9, kwa bluu: "mm 12, vipande 186, gari la Iyumbu." Chini yake sahihi ya dereva. Sikuwahi kuifungua.

Nimempigia mara tatu, inaita tu. Anakaa Veyula. Nawasha gari.

Mama_Zabibu
Nenda mwanangu. Kauntabuku yake usiisahau.