G6PD: mtoto asipewe dawa zipi, na kunde je?

Mama Chumbageni: Shikamooni wakubwa. Mtoto wa kiume, miaka 4, kilo 15, kapimwa ana upungufu wa G6PD. Akiugua malaria apewe nini? Kunde na mbaazi aache? Na dada yake?

Mfamasia Tanga: Marahaba. G6PD ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu; kikipungua, baadhi ya dawa na vyakula huzipasua. Kunde, mbaazi, choroko, ale tu. Yanayokatazwa ni fava, yale maharage mapana yanayoliwa sana Misri.

ALu, dawa ya mseto ya malaria, haina tatizo: kwa kilo 15 ni vidonge 2 asubuhi na jioni, siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Dozi ya pili baada ya saa 8. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida, sawa. Asiguse dapsoni (dawa ya ukoma), nitrofurantoini (ya maambukizi ya njia ya mkojo) wala primakwini (ya malaria) ya siku 14. Lapdap, dawa ya malaria, iliondolewa mwaka 2008 kwa sababu ilikuwa na dapsoni.

Primakwini ya dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo, WHO inaruhusu bila hata kupima G6PD. Kule Yombo, Bagamoyo, dozi hiyo ilishafanyiwa utafiti pamoja na ALu. Kwa mtoto wako ni miligramu 3.75, robo ya kidonge cha 15. Akipewa kizima, ni mara nne. Hapo ndipo watu hukosea.

Tena, vile vidonge vyeupe vya nafthalini mnavyotia kwenye sanduku la kanga kufukuza mende, vitoeni. Nguo zilizokaa navyo zifuliwe kabla hajavalishwa.

Mtu wa Maabara: Damu ilichukuliwa lini? Chembe nyekundu haina kiini, haitengenezi kimeng'enya kipya, hivyo damu ikishambuliwa, zilizozeeka hupasuka kwanza. Zinazobaki ni changa, zenye kimeng'enya kingi, na kipimo kinadanganya kuwa mtu ni mzima. Mtu akitoka kwenye shambulio la kupasuka chembe au kuongezewa damu, subirini miezi 3. Mtoto wako amekutwa na upungufu, kwa hiyo msihangaike kurudia.

Dada yake apimwe kwa kipimo kinachoonyesha kimeng'enya kipo kiasi gani. Kile cha doa linalong'aa huwakosa wasichana wenye asilimia 30 hadi 70 ya nguvu ya kawaida ya kimeng'enya. Jeni ya upungufu huu iko kwenye kromosomu X: mvulana huipata kwa mama, si kwa baba. Mama mwenye jeni moja, kila binti ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Baba akiwa nayo, mabinti wote wanaibeba.

Mama Chumbageni: Ahsanteni. Dalili za hatari?

Mfamasia Tanga: Siku 1 hadi 3 baada ya dawa: mkojo kama chai ya rangi, macho ya njano, kuchoka, kuhema haraka. Simamisha dawa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apimwe wingi wa damu, na uende na paketi ya dawa aliyomeza.