Mjadala: Jaribio la gereza la Stanford libaki kwenye somo la saikolojia sekondari, au litoke?

Mleta mada

Saikolojia ya mwanzo ikifika mada ya mtu ndani ya kundi, mara nyingi mlango wake ni jaribio la mwanasaikolojia Philip Zimbardo, Chuo Kikuu cha Stanford, Agosti 1971. Wanafunzi wa chuo wanalipwa dola 15 kwa siku, nusu wanavishwa sare za walinzi na kupewa rungu, nusu wanakuwa wafungwa wa kuitwa kwa namba. Lilipangwa wiki 2, likasitishwa baada ya siku 6. Mwanafunzi anaondoka na sentensi moja kichwani: mpe mtu yeyote madaraka, atageuka mkatili.

Jaribio halikuthibitisha hilo. Mtafiti mwenyewe alicheza mkuu wa gereza. Ipo rekodi ya sauti ambamo msaidizi wake anamhimiza mlinzi mmoja awe mkali zaidi. Kundi la kulinganisha, yaani la watu wasiowekwa katika hali hiyo, halikuwepo. Nasema litoke.

Mchangiaji wa 2

Napinga. Jaribio bovu linalojulikana hivyo ni mali darasani, mradi lisisimame peke yake. Liweke ubavuni mwa la Stanley Milgram, lililochapishwa 1963. Wanaume 40 wanaamriwa na mtafiti kumpiga mtu mwingine shoti za umeme kila akikosea jibu, swichi zinapanda kwa volti 15 hadi 450, na 26 kati yao wakafika mwisho. Umeme haukuwa wa kweli, wao hawakujua. Katika toleo jingine mtafiti akatoa amri kwa simu badala ya kukaa chumbani, na waliofika mwisho wakashuka hadi kama mmoja kati ya watano. Kimebadilika kitu kimoja tu, ndiyo maana tunaweza kusema ukaribu wa mtoa amri una uzito. Sasa muulize mwanafunzi: Stanford kilibadilishwa nini? Atakaa kimya, na hapo ndipo somo linapoanza.

Halafu kwa maelezo ya Zimbardo mwenyewe, walinzi wakatili walikuwa kama theluthi moja. Hilo "yeyote" limetoka wapi?

Mleta mada

Kwenye karatasi, sawa. Kwenye kipindi cha dakika 40, simulizi la gereza linakula 30. Kasoro zinasomwa kengele ikilia, na mtihani unauliza "eleza matokeo".

Mchangiaji wa 3

Mnagombania jaribio ambalo mwanafunzi hawezi kulirudia, na asiruhusiwe hata kwa maigizo. Ukigawa walinzi na wafungwa darasani, anayeonewa kila siku ndiye atakayekuwa mfungwa.

Anzeni na kumbukumbu ya uongo, yaani kukumbuka kitu ambacho hakikuwepo: mbinu ya mtafiti Deese ya 1959 iliyofufuliwa na wenzake Roediger na McDermott mwaka 1995. Soma maneno haya kwa sauti isiyopanda wala kushuka, sekunde 2 kila neno: kitanda, uchovu, kuamka, ndoto, blanketi, miayo, kukoroma, mto, usiku, kusinzia, godoro, kupumzika. Kisha wahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa 3, dakika 1. Halafu dakika 2 za kuandika wanayokumbuka, na waambiwe wazi wasibahatishe. Baadhi yao huandika "usingizi", neno ambalo hukulisoma. Katika jaribio la kwanza la 1995, maneno ya namna hiyo, yasiyosomwa, yaliandikwa katika takriban asilimia 40 ya nafasi zote.

Kusanya karatasi. Usihesabu kwa kunyoosha mikono. Aliyekosea atauficha mkono.

Mchangiaji wa 4

Naunga mkono, ila orodha yako ina mitego miwili. "Mto" kwa Kiswahili ni wa kitandani na ni wa maji pia. Ukitanguliwa na "kukoroma" huenda ukaeleweka, lakini usiache jambo hilo kwa bahati; weka "foronya". "Kusinzia" ni mbaya zaidi: sauti yake inakaribia mno "usingizi". Mwanafunzi akiandika "usingizi", hujui kama maana ndiyo iliyompeleka au sikio lilimponyoka. Weka "chandarua".

Tena, baada ya kuandika, wape maneno 8 ya kuweka alama ya "nimelisikia": manne ya orodha, "usingizi", na matatu ya mbali kama "daraja". Wengi wakiweka alama kwenye "daraja" pia, basi wanakisia, na "usingizi" wako hauna maana yoyote. Na mwalimu asilitamke neno hilo katika maelekezo. Hutokea, na kipindi kizima kinaharibika.

Mchangiaji wa 2

Huko si kuwahadaa wanafunzi?

Mchangiaji wa 4

Ni kuwaficha jambo moja kwa dakika tano, kisha kuwaeleza lote kipindi hichohicho. Asiyetaka karatasi yake ihesabiwe aichukue. Karatasi hazina majina.

Mleta mada

Basi narudi nyuma hatua moja. Stanford lisikae mlangoni. Lije baada ya "usingizi" na "daraja", mwanafunzi akishajua kwa nini lazima kuwe na cha kulinganisha nacho. Lakini hilo swali la "eleza matokeo" lisipobadilika, bado nasema litoke.