Kliniki imeniangusha kope, nikiuliza walinichoma dawa gani naambiwa "ni siri ya kliniki"

Wakuu, habari za jioni. Leo sipunguzi makali, mnivumilie.

Nilichomwa ile sindano ya kuondoa mikunjo katikati ya nyusi, zile za Botox (sumu inayolegeza misuli), kliniki moja ya urembo hapa Dar. Jina naliacha, mods wasije wakaufuta uzi. Siku chache baadaye kope la juu la jicho la kulia likashuka, tena sio kidogo. Linafunika nusu ya mboni. Kazini nikitaka kusoma kompyuta nanyanyua kidevu kama mtu anayehesabu mbao za dari. Mteja ameniuliza kama nina usingizi!

Nikawatumia picha WhatsApp. Tiki za bluu asubuhi, jibu usiku: "Tulia dada, ni kawaida, itarudi yenyewe." Nikaenda mwenyewe. Aliyenichoma akaanza kunikanda juu ya jicho kwa kidole gumba, eti anaisambaza dawa ikae sawa. Jamani, si imesambaa ndiyo maana niko hapa? Halafu akaniambia kuna "sindano ya kuyeyusha", nilipie tu. Sikulipa hata shilingi, nikaondoka kwenda kwa daktari wa macho.

Huko ndiko nilikojua nilivyochezewa. Ile sindano ya kuyeyusha ni ya fila za asidi ya hayaluroni, yaani zile za kujaza ngozi, kwa Botox haifanyi kitu. Sumu hii ikishashika kwenye ncha za neva hakuna wa kuing'oa, unasubiri neva zijirekebishe zenyewe. Daktari alinishikilia nyusi kwa kidole, akasema fumbua. Nyusi iko palepale, kope ndilo limelala. Kumbe ni vitu viwili: nyusi ikishuka, ni msuli wa paji la uso uliolegezwa mno, na matone ya macho hayasaidii. Kope likishuka lenyewe, dawa imepenya hadi kwenye msuli mdogo unaolinyanyua, na hapo matone yanaweza kusaidia kidogo.

Sasa sikilizeni jinsi inavyotakiwa kuchomwa. Kwa Botox, mikunjo ya katikati ya nyusi ni yuniti 20, zinagawanywa sehemu 5, yuniti 4 kila sehemu, kwa ujazo mdogo wa mililita 0.1. Zile za pembeni zinakaa angalau sentimita 1 juu ya mfupa wa jicho. Mimi nilichomwa chini kabisa, alama ilibaki kwenye vinyweleo vya nyusi. Dawa inatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na maelekezo ya mtengenezaji yanasema ikishachanganywa itumike ndani ya saa 24. Yangu ilitolewa kwenye droo, bomba limeshajazwa. Kichupa sikukiona.

Ndiyo maana nawauliza: ni dawa ya kampuni gani, namba ya toleo ipi, yuniti ngapi, ilichanganywa lini? Yuniti za kampuni moja sio sawa na za nyingine. Dysport, ambayo ni dawa ya aina hiyohiyo ya kampuni nyingine, kwa eneo hilohilo ni 50. Mtu akichanganya hesabu hapo, uso wako ndio unalipa. Jibu nililopewa mnalisoma kwenye kichwa cha uzi.

Tuwe wakweli, hata kwa mtaalamu mzuri inatokea. Kwenye majaribio ya Botox kwa mikunjo hii, kope zilishuka kwa kama watu 3 katika kila 100. Ningeambiwa hivyo kabla, leo nisingekuwa napiga kelele hapa. Fomu pekee niliyosainishwa ni ya kuruhusu picha zangu ziwekwe Instagram. Basi waziweke na hii ya sasa!

Daktari alinipima presha ya macho, akalinganisha mboni zote mbili, akauliza kama naona vitu viwiliviwili au chakula kinakwama nikimeza. Kumeza kwa shida, sauti kukwama, kupumua kwa tabu baada ya sindano hizi: usimsubiri mtu wa WhatsApp, kimbia hospitali. Hali kadhalika kope likishuka pamoja na kichwa kuuma vikali au mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, hapo usidhani ni Botox tu.

Mimi sina hayo, kwa hiyo kaniandikia matone ya apraklonidini asilimia 0.5. Yanashtua msuli mwingine mdogo wa kope, yanalipandisha milimita 1 au 2 kwa saa kadhaa. Hayaponyi, yanakuvusha tu. Mara nyingi kope linarudi ndani ya wiki kadhaa, kabla hata mikunjo yenyewe haijarudi. Ila msijinunulie kienyeji, ni dawa ya presha ya macho na inagongana na baadhi ya dawa za sonona.

Ninachotaka kutoka kwao ni rekodi yangu kwa maandishi na hela ya daktari wa macho. Wakiendelea kunizungusha napeleka taarifa ya madhara TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Baraza la Madaktari wanithibitishie kama huyo "dokta" yupo kwenye daftari lao.

Kwenye maduka ya dawa ya Posta na Kariakoo nimezunguka, hayo matone hawana. Anayejua yanapopatikana aniPM. Na kama wewe pia walikuangusha kope wakakwambia utulie, njoo na picha zenye tarehe, tupeleke malalamiko pamoja.