Jumla ya michango inazidi pesa zilizoko benki baada ya kuunganisha majedwali: naomba ushauri

Karani_Eastlands: Habari zenu, ndugu. Ninatunza hesabu za chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi, na kumbukumbu zetu zimo katika hifadhidata. Nimeunganisha jedwali la wanachama na jedwali la michango ya kila mwezi kwa namba ya mwanachama, lakini jumla kuu inazidi kwa mbali pesa zilizoko benki. Mweka hazina anaitaka ripoti kabla ya mkutano wa Jumamosi, nami sijui nimwambie nini. Je, hifadhidata inaweza kuharibika hata ikajumlisha vibaya?

Mzee_wa_Vipuri: Mwanangu, usiisingizie hifadhidata. Tangu Edgar Codd alipochapisha nadharia ya majedwali yenye uhusiano mwaka 1970, kazi ya kusema ni mstari upi unakutana na upi imekuwa ya anayeandika agizo la SQL, yaani lugha ya kuiuliza hifadhidata. Katika duka moja la vipuri, Kirinyaga Road, kijana aliyenitangulia aliyataja majedwali mawili baada ya FROM, akayatenganisha kwa mkato na kuliacha sharti la WHERE linalosema ni mistari ipi ikutane, hivyo kila mteja akapachikwa ankara za wateja wote. Andika JOIN na ON, mtindo ulioingizwa katika kiwango cha SQL mwaka 1992, ili sharti la muungano lionekane mahali pake.

Mama_Hesabu: Shikamoo, Mzee, ila nadhani tatizo lake si hilo. Karani, mradi namba haijirudii katika jedwali la wanachama, kila mchango humpata mwenyewe mmoja tu, na jumla haiwezi kuvimba. Lazima kuna jedwali jingine ambalo hujatutajia.

Karani_Eastlands: Ni kweli, nimeunganisha pia jedwali la mikopo, kwa kuwa mweka hazina anataka akiba na deni katika ukurasa mmoja. Sikulitaja kwa sababu mikopo haihusiki na jumla ya michango. Hata hivyo nimekwisha kuweka SUM(DISTINCT kiasi), yaani kujumlisha bila kurudia kiasi kilekile, jumla imeshuka, na nakala nimempelekea, kwa hiyo sioni haja ya kuanza upya. Linalonitatiza sasa ni kwamba baadhi ya wanachama hawamo kabisa katika orodha.

Shaka_Njema: Mimi siamini kisa hiki. Jumla inapandaje huku wanachama wakipungua? Hili ni zoezi la chuo lililovalishwa jina la chama, na si haki kuwachosha watu wanaojitolea kusaidia.

Karani_Eastlands: Mimi si mwanafunzi, na watu hawa nakutana nao kila mwezi. Yupo mama aliyetoa shilingi 2,000 mara tatu na ana mikopo miwili. Agizo la kwanza lilimwonyesha 12,000, na hili la sasa linamwonyesha 2,000.

Mama_Hesabu: Kisa kinaaminika, Shaka, na tarakimu hizo ndizo ushahidi. Michango mitatu ikikutana na mikopo miwili huzaa mistari sita, na 2,000 mara sita ni 12,000. Wakati huohuo JOIN ya kawaida humwacha nje kila asiye na mkopo, ndiyo maana jumla inapanda na watu wanapungua kwa agizo lilelile moja. DISTINCT nayo haitambui kwamba michango ile ni ya miezi tofauti. Huona kiasi kimoja kilichojirudia na kukihesabu mara moja, kwa hiyo kila anayechangia kiasi kilekile bila kukosa ataonekana kama aliyelipa mara moja tu. Jumlisha michango peke yake kwanza, mikopo vilevile, kisha uunganishe kwa LEFT JOIN, inayombakiza hata mwanachama asiye na mkopo, na COALESCE, inayoweka 0 pasipo na kitu:

SELECT w.namba, COALESCE(c.akiba, 0), COALESCE(k.deni, 0)
FROM wanachama w
LEFT JOIN (SELECT namba, SUM(kiasi) AS akiba FROM michango GROUP BY namba) c ON c.namba = w.namba
LEFT JOIN (SELECT namba, SUM(salio) AS deni FROM mikopo GROUP BY namba) k ON k.namba = w.namba;

Shaka_Njema: Nimeelewa, na ninaliondoa neno langu. Karani, usiweke masharti ya mikopo katika WHERE ya nje, maana wasio na mkopo watatoweka tena. Yaweke ndani ya mabano yale.

Karani_Eastlands: Yule mama sasa anaonyeshwa 6,000, na waliopotea wamerudi. Lakini mweka hazina amekwisha kuichapisha ile nakala niliyompelekea, na kumwomba airudishe kutaniletea maswali.

Mama_Hesabu: Mpigie leo, kisha ulinganishe jumla mpya na SUM ya jedwali la michango pekee kabla ya kumpa nyingine.