GSM na LTE kwenye chipu moja: superheterodaini, sifuri au masafa ya kati ya chini?

Waya_Mwembamba: Wakuu, nachora saketi ya kupokea na kutuma ya simu. Chipu moja ya CMOS (teknolojia ya kawaida ya chipu), betri ndogo, GSM (2G) ya MHz 900 pamoja na LTE (4G). Njia ipi itakula mkondo kidogo bila kunifunga kwenye mfumo mmoja?

Kapasita255: Superheterodaini, ile inayoshusha ishara kwanza hadi masafa ya kati, weka kando. Tangu mhandisi Armstrong aibuni mwaka 1918 inachuja vizuri sana, ila kwenye simu inataka filta za SAW (zinazochuja kwa mawimbi ya uso) nje ya chipu, na upana wa kila filta umeshapangwa kiwandani. Chaneli ya GSM ni kHz 200, ya LTE ni MHz 1.4 hadi 20. Utabandika ngapi? Shusha ishara moja kwa moja hadi masafa sifuri. Filta inakaa ndani, upana unaubadili kwa kuwasha na kuzima kapasita.

Mama_Osileta: Kwa LTE sawa. Kwa GSM, taratibu kijana. Kelele ya flika ya CMOS (ya transista zenyewe) hupanda kadiri masafa yanavyoshuka, na osileta (inayotoa wimbi la kushushia ishara) ikivuja kuelekea antena inarudi kujichanganya yenyewe: unapata volti tuli katikati ya ishara. Kwenye MHz 20 huo ni uchafu kidogo tu, kwenye kHz 200 umeshaliwa. GSM ihamishie kHz 100 badala ya sifuri: hayo ndiyo masafa ya kati ya chini.

Waya_Mwembamba: Kwa nini isiwe 200, mama? Si nitakuwa mbali zaidi na uchafu?

Mama_Osileta: Angalia taswira, yaani masafa ya upande wa pili wa osileta yanayoshuka pamoja na ishara yako, inaangukia wapi. Ukiwa kHz 100, inaangukia chaneli ya jirani, ambayo viwango vya GSM vinakutaka uivumilie ikikuzidi kwa dB 9. Ukienda 200 unakutana na ile ya kHz 400 pembeni, dB 41! Kulinganisha I na Q, zile njia mbili za ishara zinazofuta taswira, kwa kiasi hicho ni kujitafutia kesi.

Mulika_Mwizi_KE: Mnabishania miliampea za kupokea na betri inaisha kwa kutuma. GMSK ya GSM, yaani namna inavyopachika data kwenye wimbi, kimo chake hakibadiliki, amplifaya unaisukuma mpaka mwisho. LTE ina vilele, lazima uiachie nafasi, na nafasi hiyo ni joto. Halafu fremu ya GSM ni ms 4.615 yenye vipande 8, na ukipiga simu unatuma kwenye kimoja tu. Vingine zima amplifaya kabisa, bana.

Mama_Osileta: Hapo umenena. Ila LTE ya FDD (kutuma na kupokea kwa masafa tofauti) inatuma huku inapokea, na kinachovuja kinaishia kwenye mikseri, ile inayoshusha masafa. Waya, simuleti IP2 (kipimo cha jinsi mikseri inavyostahimili upotoshaji wa daraja la pili) kabla ya kugusa leiauti, yaani mpangilio wa chipu.