Kodiani ya taarab inaweza kutoa zydeco kama ya Buckwheat?

Mvukuto_Unguja:
Wakuu, salaam. Swali linahusu zydeco, muziki wa dansi wa Wakreoli weusi wa Louisiana, Marekani, na hasa albamu ya bendi ya Buckwheat Zydeco, *Lay Your Burden Down*, ile ya 2009 iliyochukua Grammy ya zydeco na cajun mwaka uliofuata. Tunataka nyimbo mbili tu zenye mchapo ule. Vyombo ni kodiani ya piano ya besi 120 (hiyo hiyo ya taarab), gitaa, besi la umeme, drumu, na mtu mmoja aliye huru ambaye tungependa avae lile bati la kifuani linalokwaruzwa kutoa mdundo. Mazoezini kinachotoka ni taarab iliyokimbizwa tu. Kodiani inaelea, haina meno. Je, tatizo ni chombo, ni mkono, au ni hilo bati ambalo bado hatuna? Na bati lenyewe linatengenezwaje? Duka la kulinunua hapa sijui kama lipo.

Kodi_Saba:
Chombo hakina kosa. Anza na swichi za rejista, zile zinazochagua ndimi zipi za chuma zilie ndani ya kodiani. Taarab inapenda sauti inayopepea: ndimi mbili za katikati, moja imepandishwa kidogo kuliko mwenzake. Ukiiweka sauti hiyo juu ya gitaa la umeme, zote mbili zinagombea nafasi moja na hakuna atakayesikika. Tazama alama kwenye swichi: duara lenye vyumba vitatu. Nukta mbili au tatu zikiwa zimepangana chumba cha kati, hiyo ndiyo inayopepea, iache. Tafuta yenye nukta moja chumba cha kati na moja chumba cha chini. Inatoka nzito, kavu, na ina kona.

Kisha mkono wa kulia. Katika taarab kodiani hutembea na fidla kwenye njia moja ya wimbo. Katika zydeco kodiani ni nusu ngoma. Buckwheat, jina lake Stanley Dural, alikuwa mpiga ogani. Alipiga ogani kwenye bendi ya Clifton Chenier, mfalme wa zydeco, kuanzia 1976, na bendi yake mwenyewe aliianzisha 1979. Vidole vyake vilibaki vya ogani: kodi fupi (noti kadhaa kwa pamoja, si zile za TRA), zinakatwa mapema, halafu kijisentensi cha noti nne tano kumjibu mwimbaji.

Zoezi: shika C7 kwa noti tatu tu, E, G na B bemoli. Hesabu "moja na mbili na tatu na nne na". Piga kwenye kila "na", uinue vidole mara moja. Mvukuto uende upande mmoja baa mbili nzima (mapigo manane) bila kugeuka. Ikikaa sawa, ongeza mteremko: kidole kile kile kiteleze kutoka E bemoli nyeusi hadi E nyeupe. Hapo ndipo bluzi inapoingia, na kodiani ya piano imeumbwa kwa hilo.

Kutikisa mvukuto, fungua-funga kwa kila nusu pigo, kuje mwisho. Wengi hukosea kwa kuufungua sana. Usizidi upana wa kiganja. Ukipita hapo, upande wa kushoto unakuwa mzigo, kifundo cha mkono kinachoka, na pigo linaanza kuchelewa bila wewe kujua.

Mkono wa kushoto: besi la umeme lipo, basi vitufe vya besi viacheni. Besi mbili zisizokubaliana hata kidogo zinafanya kila kitu kiwe tope.

Geji26:
Nitajibu la bati. Kwa Kifaransa cha Louisiana linaitwa frottoir. Zamani watu walikwaruza ubao wa kufulia nguo. Hili la kuvaliwa mabegani lilibuniwa 1946: Clifton Chenier alieleza anachotaka, Willie Landry akalitengeneza huko Port Arthur, Texas. Kaka yake Clifton, Cleveland, ndiye aliyelifanya liwe chombo cha kuheshimiwa.

Msikate bati la paa! Hilo ndilo kosa la kwanza la kila mtu. Wimbi la bati la kawaida la mgongo ni kama milimita 76 kutoka mgongo hadi mgongo, kwa hiyo opena ya chupa, ambayo ndiyo ya kukwaruzia, inaruka, haikwaruzi. Mnahitaji mawimbi ya upana wa kidole, sentimita moja hivi. Nendeni kwa mafundi wa bati wanaotengeneza ndoo na masanduku, muombe bati bapa la geji 26 (geji ni namba ya unene, ikipanda bati ni jembamba zaidi), wapitishe mifereji kwa rola ile wanayotumia kutia michirizi kwenye ndoo. Geji 30 ni rahisi kupinda lakini inabonyea wiki ya kwanza na sauti yake ni ya kopo.

Vipimo kwa mtu wa umbo la wastani: upana sentimita 45, urefu 60 kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, na juu acheni mikono miwili ya bati yenye upana wa sentimita 8 ikunjwe kupita mabegani kama kulabu. Mifereji ilale kwa upana wa kifua, ili mkono ukishuka na kupanda uikate. Kingo zote zikunjwe ndani sentimita moja kisha zigongwe zilale. Hili si la urembo. Kingo zisipokunjwa mtavuja damu shingoni wimbo wa pili.

Mikono ya mabegani ifungwe kwa riveti. Bati lenye zinki likichomelewa hutoa moshi wenye sumu, na pale lilipochomelewa kutu huanza. Kwenu Unguja, kwa chumvi ya bahari na jasho, chuma kisichoshika kutu kinafaa zaidi japo bei ni kubwa na fundi atalalamika. Ndani bandikeni kitambaa kizito mabegani tu. Mkiweka kifua kizima, sauti inakufa.

Cha kukwaruzia ni opena za chupa, za chuma kitupu, zisizo na plastiki. Mbili kila mkono zinatosha kuanza. Vijiko vya bati vinapinda.

Haricot:
Mimi nina neno tofauti: hiyo si albamu ya kujifunzia. Nusu yake ni nyimbo za kuazima, za Bruce Springsteen, Jimmy Cliff, Captain Beefheart. Prodyuza ni Steve Berlin wa bendi ya Los Lobos. Ni albamu changamfu, sikatai, lakini anayetaka mizizi aanze na *Bogalusa Boogie* ya Clifton Chenier, iliyorekodiwa 1975. Hata jina la muziki huu husemwa limetoka kwenye msemo wa Kikreoli, *les haricots sont pas salés*, yaani maharage hayana chumvi. Huwezi kuonja maharage kwa kuanza na keki.

Kodi_Saba:
Haricot, kuazima ndiyo mila yenyewe. Chenier alichukua rithimu na bluzi za redio akaziimba Kifaransa, na kodiani ya piano aliishika kwa sababu kodiani ya vitufe inabanwa kwenye ufunguo wake mmoja wa muziki: safu moja ina vitufe kumi, ukivuta noti hii, ukisukuma nyingine. Na wimbo wa kufungua albamu hii unatoka kwa waimbaji wa bluzi Memphis Minnie na Kansas Joe, 1929, kuhusu mafuriko ya Mississippi ya 1927. Mtu wa Louisiana kuuimba baada ya kimbunga Katrina, hapo kuna keki gani? Ila kwa kusikiliza bati peke yake nakubaliana nawe, kwenye *Bogalusa Boogie* linasikika wazi zaidi.

Haricot:
Hilo la bati ndilo nililolitaka. Nimeridhika.

Mpiga_Ngozi:
Hakuna aliyemtaja mpiga drumu, na mara nyingi ni hapo kitumbua kinapoingia mchanga. Sikilizeni kwanza wimbo umegawanya pigo kwa mbili au kwa tatu. Shafo za zydeco (mdundo wa kuyumba) hugawanya kwa tatu: haihati, yale matoazi mawili ya drumu, inasema "ta-(kimya)-ta, ta-(kimya)-ta", ngoma ndogo inagonga pigo la pili na la nne. Mtu wa bati akikwaruza kwa nne, kama anavyosaga shekere (kibuyu cha shanga), drumu na bati vitavutana na wachezaji watasimama. Kwa hiyo: drumu na bati wafanye mazoezi peke yao kwanza, nusu saa, bila kodiani. Mkono mmoja ushike mgawanyo, mwingine utie mkazo kwenye mbili na nne tu. Mwisho wa baa ya nne anyamaze pigo zima. Bati lisilonyamaza linachosha masikio haraka kuliko chombo chochote.

Walioko Kenya wanaojua mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, wataelewa: kodiani na karing'aring'a (pete ya chuma inayogongwa), chuma kikishika muda na kodiani ikicheza juu yake. Mgawanyo wa kazi ni ule ule.

Mvukuto_Unguja:
Shukrani sana. Swichi nimebadili, tofauti ni kubwa. Swali la mwisho: jukwaani tuna maikrofoni nne tu. Bati lipewe?

Geji26:
Hapana, labda uwanja wa wazi. Ukumbini linapenya lenyewe. Mkirekodi, maikrofoni ikae nusu mita na iangalie begani, isielekee mikono, la sivyo mtasikia kugonga tu bila mkwaruzo.

Kodi_Saba:
Mbili mpe mwimbaji na gitaa, moja ngoma kubwa, moja kodiani upande wa kulia, sentimita 15 kutoka kwenye wavu. Upande wa kushoto unatembea na mvukuto, maikrofoni ya stendi haiwezi kuufuata, na kwa kuwa mmeacha besi za kodiani hamtapoteza kitu. Kwenye mikseri, kata sauti za kodiani zilizo chini ya hezi 120. Ikianza kulia wiii, msiishushe kodiani. Sogezeni spika ya jukwaani nyuma ya maikrofoni.