Mjadala: Je, gari linalojiendesha lifanye mtihani uwanjani kabla ya kuingia barabarani?

Mleta mada

Wakuu, jambo hili limenikaa kichwani muda mrefu, naomba tulichambue. Magari yanayojiendesha hujaribiwa kwa njia tatu: kwenye kompyuta, kwenye viwanja maalumu vya majaribio, na kwenye barabara tunazopita sote. Hoja yangu ni kwamba hatua ya uwanjani isiachiwe hiari ya kampuni. Iwe mtihani wa lazima, usimamiwe na mtahini asiyelipwa na mtengenezaji, na maswali yasijulikane kabla ya siku yenyewe. Gari lisilofaulu lisitoke getini.

Usiku wa Machi 18, 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Bodi ya usalama wa uchukuzi ya Marekani ilichunguza na kukuta kwamba vihisi vilimwona sekunde 5.6 kabla. Kwa mwendo wa gari lile, hizo ni takriban mita 100. Breki ingetosha. Lakini programu ilimwita gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ilipombadilishia jina ilisahau alikotoka, ikaanza upya kukisia anakoelekea. Haikuundwa kumfikiria mtembea kwa miguu anayevuka nje ya kivuko. Breki ya dharura iliyotoka kiwandani ilikuwa imezimwa muda wote kompyuta inapoendesha, na dereva wa akiba, aliyewekwa kwenye usukani ili alishike gari likikosea, alikuwa akitazama simu.

Sasa tazameni swali hilo linavyoulizwa uwanjani. Unachukua sanamu ya sponji yenye umbo la mtu, pembeni yake baiskeli ya sponji, unaviweka juu ya kibao chembamba chenye magurudumu ambacho gari linaweza kukikanyaga bila kudhurika. Unasubiri giza. Unaipitisha sanamu mbele ya gari mahali pasipo na kivuko cha pundamilia. Gari likiigonga, vipande vinatawanyika kwenye lami, mafundi wanaviokota, wanavibandika tena, wanarudia kwa mwendo mwingine. Ni kazi ya jioni moja, na yule mama angeokolewa na jioni hiyo moja.

Wala si kwamba viwanja havipo. Mcity, cha Chuo Kikuu cha Michigan, kilifunguliwa mwaka 2015 kwenye eneo la hekta kama 13, kikiwa na daraja la chuma la kuisumbua rada, kivuli cha matawi bandia cha kudhoofisha mawimbi ya setilaiti, na alama za barabarani zilizochafuliwa makusudi. Uswidi wana AstaZero, Korea Kusini wana K-City. Waymo yenyewe, kampuni ya teksi zisizo na dereva, hufanyia mazoezi kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga huko California. Wenye magari wanaijua thamani ya uwanja. Ninachotaka ni ufunguo wa geti ukae mkononi mwa mwingine.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, uchungu wako nauelewa, hitimisho silikubali. Mwaka 2016 watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, walipiga hesabu: ili kuthibitisha kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba gari halizidi binadamu kwa kuua, liende maili milioni 275, yaani kilomita kama milioni 440, bila kifo hata kimoja. Magari 100 yakitembea usiku na mchana kwa kilomita 40 kwa saa yatachukua miaka 12 na nusu. Hekta 13 zitafua dafu wapi? Na tukiwa tunasubiri, Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kwa mwaka, karibu wote mikononi mwa madereva binadamu. Kila mwaka wa kuchelewa una majeneza yake. Halafu mtihani hukaririwa. Mtapata magari yanayoijua sanamu na kutomjua mtu.

Mchangiaji wa tatu

Niongezee hapo. San Francisco, Oktoba 2, 2023: gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke, akarushwa mbele ya gari lisilo na dereva la Cruise, kampuni ya General Motors. Nalo likamgonga, likasimama, kisha likajisogeza pembeni likimburuta kama mita 6. Nani angelitunga swali la namna hiyo?

Mleta mada

Nianze na wewe wa tatu, maana umenigusa penyewe. Mwanzo wa tukio lile, nakiri, hakuna mtahini ambaye angeuwaza. Ila ule mburuto ulikuja baadaye: kompyuta ilidhani gari limegongwa ubavuni, ikaamua kupisha njia. Swali la "umegonga kitu na hukioni tena, unafanya nini?" linaulizika uwanjani wiki nzima, sanamu ikiwa imelala chini ya bampa.

Hesabu ya RAND inanipa nguvu mimi. Kama kilomita za barabarani haziwezi kuthibitisha usalama ndani ya muda wa maana, kwa nini tuzikusanye kwa kuwahatarisha watu ambao hakuna aliyewauliza? Sehemu kubwa ya safari yoyote haina tukio. Watafiti wa Michigan walichapisha kazi yao kwenye jarida la Nature mwaka 2023: waliziondoa zile dakika tupu, wakayafundisha magari ya kwenye kompyuta kubana na kukatiza pale panapouma, wakayachanganya na gari halisi linalotembea kwenye lami halisi pale Mcity. Upimaji ukaharakishwa mara 1,000 hadi 100,000. Breki ni ya kweli, hatari ni ya kubuni. Kwa hiyo ukubwa wa uwanja si hoja tena.

Kukariri kunatibika: badilisha kimo, nguo, mwendo, mwanga, mvua, na usimwambie mtu.

Ya majeneza ndiyo nzito, na siipuuzi. Lakini angalieni nini hasa kilichochelewesha. Baada ya Tempe, Uber ilisimamisha majaribio, na mwaka 2020 ikakiuza kitengo chote. Baada ya San Francisco, jimbo la California liliifungia Cruise mwezi ule ule, na Desemba 2024 General Motors ikaacha kugharamia teksi zake zisizo na dereva. Mtihani wa miezi kadhaa ungewagharimu pungufu ya hapo, mbali na damu.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2024 inataka gari linalojiendesha lifikie kiwango cha dereva binadamu aliye makini na mwenye ujuzi. Dereva huyo alipewa leseni na mtu wa nje aliyekaa kando yake akimtazama. Hapo sirudi nyuma. Kuhusu idadi ya maswali, na nani alipie uwanja, nashawishika. Mchangiaji wa pili, ungepewa kutunga swali la kwanza ungeweka lipi? Langu ni lile la Tempe: usiku, baiskeli, nje ya kivuko.